Kimya Kati ya Kidonge na Chupa



Wapendwa waamini, juma hili nawaomba tutafakari juu ya wenzetu wenye sonona ambao asubuhi humeza vidonge vya hospitali, na jioni hunywa virutubisho au unga wa mitishamba, pasipo daktari wala muuzaji kujua. Hapa Mbezi Luis chupa zinazoahidi kutuliza mawazo na kurudisha usingizi zinauzwa kama karanga.

Dawa za sonona, mfano fluoksetini, huchukua majuma kadhaa kabla mgonjwa hajaona nafuu. Katika kungoja huko ndipo muuzaji anapompata mteja. Mmea mmojawapo unaosifiwa sana duniani kwa huzuni ni St John's wort, uliopewa jina la Mtakatifu Yohane Mbatizaji kwa kuwa huchanua karibu na sikukuu yake, tarehe 24 Juni. Jina takatifu haliondoi hatari. Mmea huo na fluoksetini vyote huongeza nguvu ya serotonini, kemikali ya ubongo. Vikikutana, mgonjwa aweza kutetemeka, kutoka jasho jingi, kupata homa, moyo kwenda mbio na akili kuvurugika, hata kufa. Virutubisho vyenye 5-HTP navyo vina hatari hiyo. Tena mmea huohuo hudhoofisha baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI.

Wala si salama kuacha vidonge leo na kuanza chupa kesho, maana fluoksetini hubaki mwilini kwa majuma. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao za hospitali kwa sababu hiyo.

Hata hivyo, mimi simlaumu mgonjwa. Anaficha vidonge kwa sababu katika jumuiya zetu ataambiwa amepungukiwa imani. Nani alitufundisha hivyo? Yoshua bin Sira, sura ya 38, anamtaka mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake. Na dawa, asema, zatoka katika ardhi kwa mkono wa Mungu.

Anayetumia vidonge hivyo asiviache ghafla. Achukue chupa na pakiti zote, hata ile isiyo na maandishi, aziweke mezani kwa daktari au mfamasia. Nanyi viongozi wa jumuiya ndogondogo, anayekuja kuuza virutubisho baada ya sala aulizwe kwanza kilichomo ndani. Akishindwa kujibu, asipewe nafasi.