Umbo la Hati Lisipotee Njiani

Zamani mpiga chapa alipotaka kuhamisha aya kutoka hati moja hadi nyingine, alichukua mkasi na gundi. Aliikata karatasi, akaibandika mahali pake, kisha akapiga chapa nakala safi. Katikati ya miaka ya 1970, Larry Tesler na Tim Mott, waliokuwa wataalamu wa kampuni ya Xerox mjini Palo Alto, Marekani, waliiga kazi hiyo katika programu yao iliyoitwa Gypsy. Leo kila mwenye kompyuta hukata, hunakili na hubandika bila mkasi. Lakini kipande cha karatasi kilihama na sura yake yote. Maandishi ya kompyuta mara nyingi hufika ugenini yamevaa nguo nyingine.

Jambo hili si la urembo tu. Mke wa sajini anayetunza hesabu za chama cha akiba katika nyumba za askari huwa na orodha yenye safu nne: jina, mchango, mkopo na salio. Akiibandika orodha hiyo katika ripoti kwa namna isiyofaa, mistari ya jedwali hutoweka na tarakimu husogea. Fedha ya mchango ikiangukia chini ya neno mkopo, aliyelipa ataonekana mdaiwa, na ugomvi utaanza mlangoni kwa jirani. Vivyo hivyo, kanuni zenye namba za kujiandika zikihamishiwa hati nyingine, kifungu cha 4 huweza kuwa cha 9, ilhali sentensi inayosema "kama kifungu cha 4" imebaki vile vile. Umbo ni sehemu ya maana.

Ili umbo lihifadhiwe, yafaa kujua linakaa wapi. Katika Microsoft Word, wino mzito na mlazo hukaa katika herufi zenyewe. Nafasi za pembeni na mpangilio wa aya hukaa katika alama ya mwisho wa aya, ambayo kwa kawaida imefichwa. Anayenakili maneno akaiacha alama hiyo huacha na mpangilio wa aya nyuma. Tena kuna mitindo, yaani kanuni za sura zilizopewa majina, kama mtindo wa kichwa cha habari. Hati mbili zikiwa na mtindo wa jina moja lakini wenye sura tofauti, mgeni huweza kulazimika kufuata desturi ya mwenyeji.

Baada ya kubandika, alama ndogo hutokea kando ya maandishi. Wengi huipuuza, kumbe ndimo ilimo dawa. Ikibofywa, hutoa njia tatu kubwa. Ya kwanza hutunza sura ya asili. Hii yafaa kwa majedwali. Ya pili huyavisha maandishi sura ya hati mpya, lakini hubakiza maneno yaliyokoozwa. Hii yafaa kwa aya ya barua inayoingizwa katika ripoti. Ya tatu hubeba maneno matupu, huku picha, mistari na mikoozo vikiachwa. Hii yafaa kwa maandishi yaliyotoka katika tovuti na kuja na rangi zisizotakiwa. Aliyekosea abonyeze Ctrl na Z pamoja, kazi itarudi ilivyokuwa.

Iko desturi moja ya mashine ya chapa inayostahili kuachwa. Katika mashine nyingi za zamani kila herufi ilichukua upana ule ule, kwa hiyo mpiga chapa aliweza kupanga safu kwa kugonga nafasi tupu. Katika fonti nyingi za kompyuta, herufi i ni nyembamba na m ni pana. Safu zilizopangwa kwa nafasi tupu huyumba mara fonti inapobadilika. Jedwali halisi ndilo salama. Fonti isiyokuwamo katika kompyuta ya pili nayo hubadilishwa na nyingine, na kurasa huweza kuongezeka.

Kwa hiyo mwenye hati ya thamani, kama vile maombi ya kiinua mgongo au orodha ya wategemezi, hana budi kuihifadhi kwanza nakala ya asili bila kuigusa. Kisha abandike, achague njia, na kulinganisha hati mbili mstari kwa mstari: majina, tarakimu, namba za vifungu. Hati ambayo haihitaji kusahihishwa tena na itumwe kama PDF, ili mpangilio wake usivurugike kwa mpokeaji. Dakika chache za ukaguzi ni nafuu kuliko miezi ya kuitafuta haki iliyopotea kwa sababu ya tarakimu moja iliyohama safu.