MAUMIVU YA MKONO SI UVIVU



Kuna neno linalosemwa katika mashamba ya maua, katika mashamba ya chai na katika viwanda vya nguo, nasi tumechoka kulisikia. Mtu akienda kwa msimamizi na kusema, "Mkono wangu unauma, kidole gumba hakikunjiki," hujibiwa, "Wewe mvivu," au, "Umechoka tu, meza tembe mbili urudi kwenye laini." Naye hurudi. Mwezi wa tatu hawezi kuinua sufuria nyumbani kwake. Mwezi wa sita mkataba wake wa muda umekwisha na hakuna anayemwita tena. Jina lake halimo katika kitabu cha ajali, kwa sababu hakuna damu iliyomwagika.

Sisi twasema kwamba mtu huyo ameumizwa na kazi, sawasawa na yule aliyeangukiwa na sanduku. Twataka kila mwanachama alielewe jambo hili, ili asidanganywe na mtu yeyote, awe tajiri, awe nyapara, awe muuza dawa.

UKANO NI KITU GANI?

Aliyekula nyama ya mguu wa ng'ombe anaijua ile kamba nyeupe ngumu isiyotafunika. Huo ndio ukano. Kazi yake ni kuunganisha nyama na mfupa. Nyama zinazokunja vidole vyetu kwa nguvu hazikai katika vidole. Ziko juu, baina ya kiwiko na kifundo cha mkono, nazo huvuta vidole kwa kano ndefu, kama mtu avutavyo ndoo kisimani kwa kamba. Katika kifundo, upande wa kiganja, kano 9 na mshipa mmoja wa fahamu hupita pamoja katika njia nyembamba. Upande wa kidole gumba kano 2 hupita ndani ya ala moja, kama kisu katika ala yake.

Sasa tupige hesabu. Mkata waridi akifunga makasi mara 10 kwa dakika, kwa saa moja amefunga mara 600, na kwa saa 8 mara 4,800. Kila mara kano zile zinavutwa na kusuguana na ala yake. Mwili wajua kujitengeneza, lakini ukano hupata damu kidogo kuliko nyama, kwa hiyo hupona polepole. Ukipewa nafasi, unapona na kuzidi nguvu. Usipopewa nafasi, unachakaa na ala yake inakuwa nene, na ndipo maumivu yanapoingia.

Dalili ni hizi. Maumivu chini ya kidole gumba, yanayozidi ukishika kitu kwa nguvu au ukikamua nguo. Kidole kinachokwama kikiwa kimekunjwa, kisha kufunguka kwa ghafula kama kufuli. Maumivu upande wa nje wa kiwiko ukiinua birika. Bega linalokataa mkono usipite juu ya kichwa. Na vidole vikifa ganzi usiku, ujue ule mshipa wa fahamu unabanwa katika njia yake.

SI UGONJWA MPYA

Wako matajiri wanaosema hawajapata kusikia ugonjwa wa namna hii. Basi wamechelewa zaidi ya miaka 300. Daktari Bernardino Ramazzini wa Italia alitoa kitabu mwaka 1700 juu ya magonjwa ya watu wa kazi mbalimbali, akawahimiza madaktari wamwulize kila mgonjwa, "Unafanya kazi gani?" Katika chapa ya mwaka 1713 alieleza jinsi mikono ya makarani ilivyochoka na kuharibika kwa kushika kalamu mchana kutwa. Mwaka 1895 daktari Fritz de Quervain wa Uswisi alieleza ugonjwa wa zile kano 2 za kidole gumba, na Waingereza wakauita kwa jina la wanawake madobi, kwa kuwa ulionekana sana kwao. Mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitengeneza upya orodha yake ya magonjwa ya kazi, na humo ugonjwa wa kano za mkono umeandikwa wazi, pamoja na sababu zake: kurudia jambo lile lile, kutumia nguvu nyingi, na kupinda kifundo kupita kiasi. Hakuna mahali palipoandikwa uvivu.

Wengine husema, "Wanawake hawa wanaumia nyumbani, kwa kufua na kulima." Twajibu hivi. Ni mwanamke gani anayekamua nguo mara 4,800 kwa siku, siku 6 kwa juma? Tena, watu wa laini moja, wanaotoka nyumba mbalimbali, wakiumwa wote kidole gumba kile kile, je, nyumba zote hizo ndizo zenye makosa, au ni yale makasi butu waliyopewa?

WALIOKATWA NA CHUMA

Ukano waweza pia kukatwa mara moja kwa kisu, kwa bati, au kwa mashine. Hapa watu wengi hupoteza vidole kwa kutojua. Kidonda ni kidogo, dispensari wanashona ngozi, wanafunga bandeji, na mtu anarudishwa kazini. Kumbe ndani ukano umekatika, na ncha yake imerudi juu kama kamba iliyoponyoka mkononi. Kwa hiyo kila aliyekatwa kiganja au kidole, hata kidonda kikiwa kidogo, lazima ajaribu kukunja na kunyoosha kila kidole peke yake. Kidole kimoja kikikataa, ni kazi ya daktari wa upasuaji, na yafaa ifanywe katika siku chache za kwanza. Majuma yakipita, kuunganisha kunakuwa kugumu sana.

Na akisha kushonwa, asiharakishwe. Ngozi hufunga kwa majuma 2 hivi, lakini ukano ulioshonwa huhitaji karibu majuma 12 kabla ya kubeba kazi nzito. Katika muda huo mkono hushikwa na gango, na vidole huchezeshwa taratibu kwa mazoezi aliyoonyesha mtaalamu, ili ukano usigande. Msimamizi anayesema, "Kidonda kimekauka, rudi kazini," anataka ukano ukatike mara ya pili.

DAWA YA KWELI NA DAWA YA UONGO

Tembe za maumivu hunyamazisha kengele, lakini moto ungali unawaka. Kuzimeza ili utimize kilo za siku ni kuuharibu mkono zaidi. Wala kukandwa kwa nguvu na mtu asiyejua mahali panapouma si dawa.

Dawa ya kwanza ni kupunguza ile kazi iliyoleta maumivu. Hatusemi mtu alale kitandani mwezi mzima, kwani ukano usiotumika kabisa hudhoofika. Apunguze mzigo, abadilishe kazi, avae gango ikiwa daktari ameagiza, kisha arudishe nguvu kidogo kidogo kwa mazoezi. Kwa kidole gumba na kwa kidole kinachokwama, sindano ya daktari ndani ya ala mara nyingi husaidia. Lakini akichomwa sindano leo na kurudishwa kesho kwenye makasi yale yale, ugonjwa utamrudia.

Tena jihadharini. Dawa iitwayo ciprofloxacin, ambayo wengi hupewa kwa homa ya matumbo au maumivu ya mkojo, huweza kwa watu wachache kudhoofisha kano, hasa ule mkubwa wa kisigino. Hatari huzidi kwa wazee waliopita miaka 60. Ukiimeza na kisigino kikaanza kuuma, acha kubeba mizigo, umrudie daktari upesi. Usiinunue dukani bila kuandikiwa.

KINGA IMO MIKONONI MWA TAJIRI

Makasi butu hutaka nguvu nyingi kuliko makasi makali. Jiwe la kunolea na mafuta kidogo kila asubuhi ni bei ndogo kuliko mkono wa mtu. Tajiri analijua hilo, lakini jiwe analinunua yeye, na mkono ni wetu.

Katika maua hatari kubwa huja kabla ya tarehe 14 Februari, siku ya wapendanao huko Ulaya. Januari huingizwa watu wapya, kasi huongezwa na saa huongezwa, yote kwa mara moja. Ukano hauzoei kazi mpya kwa juma moja. Mtu mpya, na aliyetoka likizo au ugonjwani, lazima aanze na kiasi kidogo, kisha aongezewe. Wakituambia maua yataoza, twawajibu kwamba maua ya mwaka ujao yatakatwa na mikono hii hii.

SHERIA YASEMAJE

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri alinganishe vyombo na kazi na uwezo wa mfanya kazi. Yataka pia kamati ya usalama mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi. Sheria ya fidia ya mwaka huo huo, ambayo wengi huiita WIBA, yahesabu ajali na pia ugonjwa utokanao na kazi. Tajiri akisha kuarifiwa ajali, ana siku 7 kumpelekea Mkurugenzi habari. Madai yapelekwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Anayeshindwa kabisa kufanya kazi kwa siku 3 au zaidi kwa sababu ya ajali ana haki ya malipo. Lakini sheria haimwoni mtu aliyenyamaza. Usiseme, "Nitavumilia mpaka mwisho wa mwezi." Sema juma la kwanza, mbele ya shahidi, ukatae kuondoka mpaka imeandikwa.

TWATAKA HAYA

1. Maumivu ya mkono, kiwiko na bega yaandikwe katika kitabu cha ajali kama jeraha lolote.
2. Makasi na visu vinolewe kila siku kwa gharama ya tajiri, na vishikio vilingane na mikono ya wanawake.
3. Kila mtu abadilishiwe kazi baada ya kila saa 2, na apate mapumziko mafupi yasiyokatwa mshahara.
4. Kilo na hesabu ya siku zipangwe pamoja na chama, si na nyapara peke yake.
5. Aliyeumia apewe kazi nyepesi kwa mshahara ule ule, na mkataba wake usikatwe kwa sababu ya jeraha.

Kila mjumbe wa laini aandike majina ya wanaoumwa, mahali panapouma, na kazi wanayofanya, alete kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi. Mtu mmoja akilalamika huitwa mvivu. Majina 40 ya laini moja yakiwekwa mezani, tajiri atalazimika kutafuta neno jingine.

Umoja ni nguvu.