Msuli Huvuta, Hausukumi

Shika mkono wako wa kuume juu ya kiwiko, kisha ukunje kana kwamba wapeleka tonge kinywani. Waona msuli wa mbele unavyofura? Umefupika, na kwa kano yake umeuvuta mfupa. Kiwiko nacho ni kama bawaba ya mlango. Lakini msuli wajua kuvuta tu, kusukuma haujui. Nani basi aunyoshe mkono? Ni msuli wa nyuma. Hufanya kazi kama wapasua mbao wawili wenye msumeno mmoja: huyu avutapo, mwenzake hulegeza.

Sasa mfikirie mzee aliyelala kitandani kwa kupooza. Mkono usiponyoshwa, misuli hufupika na kiungo hukakamaa; baadaye hata kumvika shati ni taabu. Kwa hiyo kila siku shika kiwiko chake, goti lake na vidole vyake. Kunja polepole, nyosha polepole. Ukimwona akikunja uso kwa maumivu, simama hapo, usilazimishe. Mwulize mganga wa zahanati akuonyeshe kwanza. Kazi hii haitaki fedha. Yataka mikono yako na uvumilivu.