KONA YA HADITHI: Benchi moja, foleni moja

Mwezi huu tumesoma na vijana wa madarasa ya juu hadithi fupi mbili. Zote zinahusu mwenye nacho na asiye nacho, lakini hazisemi jambo moja.

Ya kwanza ni Mkufu, ya Mfaransa Guy de Maupassant, ilitoka mwaka 1884. Mathilde ni mke wa karani wa wizara. Chakula kipo, mtumishi yupo, ila moyo wake unataka maisha ya wakubwa. Wakaalikwa kwenye sherehe. Mume akatoa faranga 400 za gauni, hela aliyoiweka anunue bunduki ya kuwindia, na mkufu Mathilde akaazima kwa rafiki yake tajiri. Ukapotea! Wakanunua mwingine wa faranga 36,000, nusu yake kwa mikopo, wakalipa miaka kumi. Mwisho anakuja kuambiwa kwamba ule wa kwanza ulikuwa bandia, haukuzidi faranga 500. Vijana walicheka, halafu wakanyamaza.

Ni hadithi nzuri, hatubishi. Lakini lawama yote inamwangukia mama mmoja na tamaa yake. Msomaji anafunga kitabu akisema, alijitakia. Hao wakubwa wenyewe hakuna anayewauliza kitu.

Ya pili ndiyo imetushika zaidi: Nyumba ya Midoli, ya Katherine Mansfield, mzaliwa wa Nyuzilandi, mwaka 1922. Watoto wa akina Burnell wameletewa nyumba ndogo ya kuchezea, na ndani yake kuna kitaa kidogo utadhani kinawaka. Pale shule ni moja tu, kwa hiyo mtoto wa hakimu, wa daktari, wa muuza maziwa, wote wamo. Usawa, siyo? Kumbe wapi. Wamo pia Lil na mdogo wake Else. Mama yao anafua nguo nyumba hadi nyumba, na baba eti yuko jela. Gauni la Lil limeshonwa kwa kitambaa cha meza cha akina Burnell, mikono yake ni mapazia ya jirani mwingine. Watoto wote wanaitwa wawili wawili kuiona nyumba, isipokuwa hao. Hata mwalimu ana sauti yake ya pekee akisema na Lil. (Hapo sisi walimu tulisoma taratibu.) Kezia, binti wa akina Burnell, anamwomba mama yake awaalike. Anakatazwa, na akiuliza sababu anaambiwa sababu anaijua.

Basi dharau ile watoto hawakuzaliwa nayo. Imetoka kwa wakubwa, sebuleni, tena kwa maneno machache tu. Maupassant anamtazama anayetaka kupanda. Mansfield anawatazama waliosimama mlangoni.

Hapa kwetu foleni ya mgao ni moja na turubai ni zile zile. Mgeni akituangalia atasema hawa wote sawa. Watoto hawasemi hivyo. Wanajua nani ana ndugu Ulaya anayetuma hela, nani baba yake ana kibanda cha duka, nani mama yake anafulia watu apate sabuni. Mwezi uliopita darasani mtoto alikataa kukaa benchi moja na mwenzake, kwa sababu gauni alilovaa yule mwenzake alilitambua: lilikuwa lake la zamani. Tulipomuuliza akasema, "Mama amesema tuliwapa sisi." Yule mwingine hakuja shule siku nne.

Mama aliyetoa gauni alifanya vizuri sana, na wengi mnatoa hivyo hivyo. Ombi letu ni dogo: ukimpa jirani nguo, mtoto wako asijue imekwenda kwa nani.

Hadithi zote mbili tutazisoma kwa sauti Jumamosi saa tisa alasiri, chini ya mwembe ulio nyuma ya shule. Asiyejua kusoma naye aje, na watoto waje. Tutaanza na Nyumba ya Midoli. Else karibu hasemi hadithi nzima, lakini mwishoni anasema neno moja kuhusu kile kitaa. Hatuliandiki hapa, mtalisikia siku hiyo.