Miche ya Michungwa Isivuke Bila Kukaguliwa

Chungwa linalomenywa Olasiti, pembezoni mwa Jiji la Arusha, na lile linalouzwa Darajani, Unguja, huweza kuwa ndugu wa shamba moja la Muheza, mkoani Tanga.

Zamani Muheza ilisifika kwa mkonge. Bei ya mkonge ilipoporomoka baada ya katikati ya miaka ya 1960, kwa kushindana na nyuzi za viwandani, wanavijiji hawakukaa bure. Michungwa ikazidi kuenea, na leo malori ya matunda huelekea Dar es Salaam, Arusha na hata Kenya. Malalamiko ya bei, ambapo mnunuzi hukadiria mzigo ungali mtini, tumeyasikia kwa miaka mingi, nayo yanastahili tahariri yake. Leo twapenda kuzungumzia hatari iliyo kubwa zaidi.

Kwa miongo mingi joto la nyanda za chini ndilo lililokuwa ngao ya mchungwa. Ule ugonjwa uyageuzao majani kuwa manjano na kuyadumaza matunda hata yakawa machungu, ulistawi zaidi penye ubaridi, kama kwenye miinuko ya Mlima Meru, kwa kuwa kidudu wa Kiafrika anayeueneza hastahimili joto kali. Ngao hiyo sasa imetoboka. Mwaka 2016 wataalamu walichapisha taarifa ya kuonekana nchini kwetu kwa kidudu wa pili, mwenye asili ya Asia, ambaye joto la pwani halimsumbui. Huko Florida, Marekani, ambako ugonjwa huo uligunduliwa mwaka 2005, mavuno ya machungwa yalishuka kutoka masanduku milioni 242 msimu wa 2003/04 hadi chini ya milioni 20 msimu wa 2023/24. Vimbunga navyo vilichangia, lakini ugonjwa ndio uliovunja mgongo wa wakulima. Dawa ya kuuponya mti haijapatikana.

Mkulima wa visiwani asijidanganye kwa kutazama ganda. Machungwa yetu huiva yangali kijani, kwa hiyo rangi peke yake haisemi kitu. Atazame jani: likiwa na mabaka ya manjano yasiyolingana pande mbili za ukoo wa kati, na tunda likiwa limepinda upande, amwite bwana shamba upesi.

Hatusemi matunda ya Bara yazuiwe. Hilo lingemwadhibu mlaji na mkulima wa Muheza bila sababu. Tunachoomba ni kwamba matunda yavuke yakiwa yametolewa majani na vikonyo, maana humo ndimo kidudu hujificha. Ama miche, na vijiti vya kubebeshea, visivuke kabisa bila cheti cha ukaguzi. Amri hiyo ishike Bandari ya Malindi, na ishike pia Wete na madiko madogo ambako majahazi hushusha mizigo bila afisa wa kilimo kuwapo. Mti ule ambao majani yake hutiwa mchuzini kwa harufu nao ukaguliwe, kwani kidudu huyo huupenda sana.

Kituo cha utafiti cha Kizimbani, Unguja, na vile vya Mlingano na Tengeru, huko Bara, vina wataalamu wa kutosha kuanzisha vitalu vya miche safi vilivyofunikwa kwa wavu. Wizara mbili za kilimo zikubaliane nani atagharimia wavu huo, na zikubaliane kabla ya mvua za masika, wakati wakulima wanapoanza kutafuta miche.