Vina Vimetimia, Mizani Imepunjwa

Katika Kiswahili neno mizani lina makazi mawili: dukani na diwanini. Kwa muuzaji ni chombo cha kupimia uzito. Kwa malenga ni hesabu ya silabi za mshororo. Si sadfa. Watu wa mwambao walitambua zamani kwamba kauli na bidhaa ni ndugu, na kwamba aliyeahidi 16 hana ruhusa ya kutoa 14 huku akijisifu kuwa vina vyake vimetimia.

Ubeti wa namna hiyo ndio uuzwao leo madukani. Itazamwe Mkwaja, kijiji cha ufukweni katika wilaya ya Pangani, jirani na Hifadhi ya Saadani. Mtoto hutumwa dukani na fedha ileile ya mwezi uliopita. Hurudi na pakiti ya rangi ileile, nembo ileile, bei ileile. Lakini majani ya chai hayafiki Ijumaa, na sabuni huisha kabla ya nguo. Mama humgombeza mtoto kwa kumwaga, kisha hujilaumu mwenyewe kwa israfu. Aliyepunguza halaumiwi, kwa kuwa hakuonekana. Hapo ndipo ulipo uchungu wa dhuluma hii: humfanya aliyepunjwa ajione mfujaji.

Hesabu yake ni nyepesi, ila imefichwa. Mche wa sabuni wa gramu 1,000 ukifanywa gramu 800, bei isiguswe, mnunuzi amepoteza sehemu 1 katika 5. Lakini akitaka kuzipata tena gramu zake 1,000 atalipa robo zaidi. Bei imepanda kwa asilimia 25, na hakuna aliyeisikia ikipanda. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Leo haba na haba hukikausha.

Na kibaba hicho kina historia yake. Mwambao ulipima kwa vibaba na pishi. Vibaba 4 ni pishi 1, na kwa pishi zaka ya fitri hutajwa hadi leo. Udanganyifu haukukosekana, kwani kitako cha kibaba kiliweza kubonyezwa. Lakini kibaba kilikaa mbele ya mnunuzi, akakitazama, akakigeuza, akagomba. Na Qurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wapunjao.

Wenye viwanda wana jibu lao. Husema ngano, mafuta na nauli vilipanda, hasa baada ya vita vya Ukraine vya mwaka 2022. Na kwamba mnyonge mwenye shilingi 500 mkononi angekosa kabisa kama bei ingeongezwa. Gharama hakuna azikanushaye. Tena pakiti ndogo ni rehema kwa apataye riziki yake siku kwa siku. Lakini rehema haina haja ya kujificha. Mama auzaye maandazi barazani naye hulipunguza andazi unga unapopanda bei. Ila andazi liko wazi machoni pa mteja, na mwenye neno hulisema papo hapo, akajibiwa. Pakiti iliyofungwa haijibu.

Upande wa pili wa biashara nao utazamwe. Mkulima anapouza, gunia hutakiwa lifure: huvishwa kilemba, likaitwa lumbesa, likalipwa kama gunia moja. Anaponunua, pakiti hukonda. Akitoacho huvimba, akipokeacho husinyaa, na mara zote mbili jina la kipimo halibadiliki. Lumbesa imepigwa marufuku, na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, huipiga vita. Kwa pakiti, mkaguzi hutazama kama uzito ulioandikwa ndio uliomo. Ni jambo jema, lakini halitoshi. Pakiti yaweza kusema kweli kwa herufi ndogo mfano wa sisimizi, na ikadanganya kwa sura yake nzima.

Dawa ipo. Ufaransa ilianza Julai 1, 2024 kuyalazimisha maduka makubwa kubandika tangazo, kwa miezi 2, penye bidhaa iliyopunguzwa huku bei ya kila kilo ikipanda, likitaja kipimo cha zamani na kipya. Mkwaja si mahali pa maduka makubwa, wala mzigo huo haumstahili mwenye kiduka, ambaye naye huletewa katoni kama ilivyo. Liandikwe na kiwanda juu ya pakiti yenyewe, kwa herufi za ukubwa wa nembo: ilikuwa gramu hizi, sasa ni gramu hizi.

Washairi wamekwisha kulipitia jambo hili. Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, aliziacha sheria za vina na mizani, na ugomvi ukawaka kwa miaka. Waliompinga walikuwa na mengi ya kusema, lakini shitaka la kupunja halikuwa na mashiko. Aliziacha hadharani, msomaji akijua anachokinunua. Kiwanda nacho kina hiari hiyo. Kipunguze na kiseme, au kipandishe bei na kiseme. Kisichokuwa na hiari nacho ni kutangaza 16 na kupima 14.