Picha Haijisemei

"Picha hujisemea," husema wapenzi wa sanaa, na sisi washairi, ambao riziki yetu ni maneno, huitikia amina. Mimi siitikii.

Itazame picha aliyoipiga Lewis Hine, Desemba 1908, katika kiwanda cha pamba cha Whitnel, North Carolina. Binti mdogo yu kando ya mashine ndefu ya kusokota nyuzi. Mhakiki atakusifia mwanga na mistari. Naam, picha ni nzuri, na hapo ndipo penye hatari: uzuri hutuliwaza kabla hatujauliza.

Hine aliuliza, akaandika. Binti alikuwa na kimo cha inchi 51, yaani kama sentimita 130. Alikuwa na mwaka mmoja kiwandani; pengine akikesha kazini usiku. Ujira wake ulikuwa senti 48 kwa siku. Alipoulizwa umri alisita, akasema hakumbuki. Kisha akanong'ona kwamba hajatimiza umri wa kufanya kazi, ila anafanya vivyo hivyo. Nilipolifasiri jibu hilo, kalamu ilisita.

Ni lipi kati ya hayo limo pichani? Umri, ujira na saa za kazi ndiyo mambo ambayo sheria huyashika, na hakuna hata moja linaloonekana kwa jicho. Hine, mwalimu aliyeajiriwa na Kamati ya Kitaifa ya Ajira ya Watoto, alilijua hilo. Aliingia viwandani kwa hila, mara muuza Biblia, mara mkaguzi wa moto. Kimo cha mtoto alikipima kwa vifungo vya koti lake, na mkono wake ukiwa mfukoni uliandika kwa siri. Mtu hajihatarishi hivyo kwa maneno ya ziada. Leo tunazichapa picha zake na kuyatupa maneno hayo, kama mtu amwagaye maji akabusu mtungi.

Wako wanaodai kwamba picha hizo ziliamsha huruma, na huruma ikaleta sheria. Si uongo, lakini ni nusu ya kisa. Sheria ya 1916 iliyozuia ajira ya watoto ilibatilishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1918, kwa kura 5 dhidi ya 4. Majaji wale hawakukosa macho. Sheria iliyodumu ilipatikana 1938, miaka 30 baada ya picha ya Whitnel. Katika miaka hiyo watu walihesabu, walibishana, walishindwa, wakarudi tena. Hine mwenyewe alikufa fukara mwaka 1940.

Nimezisoma tungo nyingi zinazolilia macho ya watoto wa pichani. Mtoto hana umri, hana ujira, hana tajiri aliyemtuma kazi. Machozi ya namna hiyo hayamgharimu mtu kitu. Atakaye kumtungia binti wa Whitnel, na aanze na senti 48.